Siku Mama Pumua Alipokiona Kitone

Katika wodi ya wazazi alikokuwa mkunga walimwita Mama Pumua, kwa sababu kwa miaka thelathini na sita neno lake kubwa lilikuwa hilo moja. Mzazi akipiga kelele: "Pumua." Akimtukana mumewe na ukoo mzima wa mumewe: "Tukana tu, mwanangu, lakini pumua." Watoto aliowapokea aliacha kuwahesabu zamani, baadhi yao walirudi kwake na mimba zao wenyewe. Alipostaafu aliamini kwamba kuhusu mtoto kuja duniani, hakuna kilichobaki ambacho hajakiona.

Kwa hiyo mkwewe alipompigia simu kumwomba amsindikize kliniki, hakuuliza mengi. Mwanawe, dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani na shehena ya saruji kwa siku ya tatu. Mkwe mwenyewe alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa maneno machache na vipimo vingi. Ndoa yao ilikuwa na miaka saba, na mtoto hakuna. Mama Pumua alijua kuna matibabu yanaendelea. Ni matibabu gani, hakuchimba. Katika kazi yake alikuwa ameona mama wakwe wengi wakichimba, na aliona pia walichokifukua.

Walikaa kwenye viti vya plastiki vya chumba cha kungojea, wakitazama televisheni iliyozimwa sauti. Mkwe alikuwa anamaliza glasi ya nne ya maji.

"Unataka kupasuka?" Mama Pumua akamuuliza.

"Wanataka kibofu kijae ili waone vizuri kwenye ultrasaundi. Mama, tafadhali usinichekeshe. Nikicheka tu nimekwisha."

Wakacheka hata hivyo, kwa kubana midomo. Kisha mkwe akaiweka glasi sakafuni.

"Mama, kuna jambo. Tulitaka tukuambie sote wawili, lakini mwenzangu hayupo, na mimi siwezi kulala mle ndani umenishika mkono hali hujui." Akashusha sauti. "Yai si langu."

Mama Pumua akageuka.

"Yangu yaliisha nikiwa na miaka thelathini na moja. Mbegu ni za mwanao. Yai ametoa mwanamke mwingine."

"Nani?"

"Hatumjui. Wametuambia umri wake, urefu, kundi la damu, na kwamba ana watoto wawili wenye afya. Basi."

Wazo la kwanza lililomjia Mama Pumua lilikuwa baya, na hakuwahi kulisema kwa mtu: kwamba mtoto huyo atakuwa wa kwao yeye na mwanawe, si wa huyu aliyekaa hapa. Likamtia haya yeye mwenyewe. Akakaa nalo mpaka likapoa. Alipofungua kinywa, aliuliza kama muuguzi, si kama mama mkwe.

"Alichomwa sindano?"

"Kila siku, tumboni, siku kumi na moja. Halafu wakampa usingizi wakayatoa."

"Kwa ajili ya watu asiowajua."

"Ndiyo, Mama."

Hakupata nafasi ya kusema zaidi, maana waliitwa.

Chumba kilikuwa kidogo na taa zake zimepunguzwa. Daktari alikaa kwenye kigoda. Ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia vitu kutoka maabara, na nyuma yake alisimama mtaalamu mwenye kofia ya karatasi, anayeongea polepole kama mtu mwenye mtoto aliyelala begani. Alimuuliza mkwe jina na tarehe ya kuzaliwa, mara mbili. Kisha akawasha skrini.

"Ndicho kile pale. Kiinitete, yai lililokwisha kurutubishwa. Leo kina siku tano."

Palikuwa na duara linalong'aa, ganda lake jembamba kama utando wa maji ya sabuni. Upande mmoja lilikuwa limetumbuka kidogo.

"Pale ni nini?" Mama Pumua akauliza.

"Kinaanza kutoka kwenye ganda lake."

"Ukubwa wake?"

"Weka nukta kwa kalamu, mama. Hicho ni kidogo kuliko hiyo nukta."

"Na nani amekiambia kitoke?"

Kijana wa maabara akatafakari. "Hakuna. Sisi tunakiwekea joto tu, tunafunga mlango. Mengine kinajua chenyewe."

Mama Pumua aliusogelea ule mwanga mpaka daktari akamwomba kwa upole arudi nyuma. Mkono wa mkwe ulikuwa wa baridi ndani ya wake. Mrija mwembamba ukapitishwa, na kwenye skrini ya pili, ndani ya kijivujivu cha tumbo la uzazi, kikatokea kitone cheupe. Kikatulia.

"Tayari," daktari akasema.

"Tayari?" Mama Pumua alikuwa amezoea saa kumi na nane za jasho. Hii haikufika dakika tano. "Maisha yangu yote nimesimama wanakotokea," akamwambia daktari, na machozi yakamshuka bila kuomba ruhusa. "Leo nimeonyeshwa wanakoingilia."

"Mama," mkwe akasema kwa meno yaliyobanwa, "choo."

Walipotoka, Mama Pumua alisimama katikati ya chumba cha kungojea. Wanawake wanne walikuwa wamekaa, wa umri wa kuwa binti zake. Mmoja anabonyeza simu, mwingine anasinzia. Yeyote kati yao angeweza kuwa yule aliyetoa yai.

"Shikamooni," akawaambia.

Wakatazamana. Mtu mzima kuwaamkia wao? Aliyekuwa anasinzia akainuka nusu. Mama Pumua alikuwa amekwisha kupita.

Siku ya kumi na mbili damu ilipimwa, ikaonekana mimba imeshika. Kufikia mwezi wa sita mpima ardhi alikuwa anaacha vifaa vyake kwa msaidizi na kulalamika miguu inakaza, nywele zinakatika. Mama Pumua alimkanda nyayo kwa mafuta.

"Anachukua kwako kila kitu," alimwambia. "Damu, chokaa ya mifupa, yote. Hana pengine pa kuchukua."

Mkwe alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Mama Pumua aliendelea kukanda.

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, wa kike, katika wodi ileile. Mkunga wa zamu, aliyefundishwa na Mama Pumua, alimkatalia hata kugusa glavu: "Leo wewe ni bibi. Kaa pale." Akakaa. Dereva wa lori, aliyefika safari hii, alilia kuliko mtoto.

Mtoto alipowekwa kifuani kwa mama yake, akanyamaza, akafumbua macho.

"Mama, umeona?" mkwe akanong'ona. "Ananitazama mimi."

"Nimeona," akasema Mama Pumua, akavuta kiti karibu ili aendelee kuona.