Majivu Hayaandikwi kwenye Lebo

Kwanza nieleweke: mimi si mwongo. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Daraja nililopata si la kusemasema, lakini nilimaliza, na katika kikundi chetu cha wanawake kumi na mmoja hapa Kintinku hakuna mwingine aliyemaliza. Ndiyo maana nikawa katibu. Miaka sita nimeshika kalamu ya kikundi. Mihutasari, barua za kata, majina ya waliochelewa kikao, yote ni mwandiko wangu. Hata kanisani watu wananiita Katibu. Mume wangu Chediel akitaka kuniudhi ndiyo ananiita Mama Eliana.

Tunatengeneza sabuni ya nywele. Siku hizi tunaiita shampuu, maana mjini hakuna anayekubali kuoshea nywele zake sabuni. Mwenye ujuzi ni mama yangu mzazi, Bibi Theresia, ambaye hajui kusoma wala kuandika. Baada ya mavuno anachoma mabua ya alizeti, anaweka majivu yake kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kumimina maji juu. Yale maji yanayochuruzika anayachemsha pamoja na mafuta ya alizeti tangu asubuhi mpaka mchana, anakoroga huku akimfokea yeyote anayesogea. Ikipoa anatia asali ya Itigi na utomvu wa alovera. Basi, imekwisha. Ukihesabu na maji, ni vitu vitano. Nywele zinakuwa laini, kichwa hakiwashi, mba inaondoka. Hilo sikatai, na sijawahi kulikataa.

Mwezi wa tano alipita dada mmoja anaitwa Johari, mtu wa Singida mjini, wa familia ya wafanyabiashara, mwenye saluni na duka la vipodozi. Alikuwa anatoka Dodoma, gari lake likapata pancha hapa kijijini. Wakati tairi linazibwa akanunua chupa yetu moja, nadhani kwa kukosa la kufanya. Wiki mbili baadaye akampigia simu Mama Peniel, mwenyekiti wetu. Ameijaribu kichwani kwake, ameipenda, atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutuona. Tukielewana atakuwa anachukua mzigo kila mwezi. Sharti lake ni moja tu, chupa ziwe na lebo, na lebo ioneshe kilichomo ndani.

"Kazi hiyo ni ya Katibu," Mama Peniel alisema kikaoni. "Na Katibu anisikie vizuri. Huyu dada akitukataa kwa sababu ya karatasi, tunachagua katibu mwingine."

Wenzangu walicheka. Mama Peniel hakucheka. Mwaka jana maombi yetu ya banda la Nane Nane yalichelewa kwa sababu nilikuwa nayaandika upya ili yapendeze, na hilo bado amelihifadhi moyoni. Nikajua kwamba safari hii kalamu yangu yenyewe ndiyo iko mezani.

Nilirudi nyumbani nikaandika: maji, mafuta ya alizeti, majivu, asali, alovera. Nikaitazama ile karatasi. Jamani, nilisikia aibu. Ilikuwa kama orodha ya mtoto anayetumwa jikoni. Halafu hayo majivu. Kwetu majivu tunayamwaga chooni kupunguza harufu. Nikamfikiria mteja wa Singida mjini, mwanamke wa kucha ndefu, anageuza chupa dukani na kukuta neno majivu. Nikaichana karatasi.

Nikasema ngoja niwaone wenzetu wanaandikaje. Nikaazima chupa tatu. Ya kwanza, yenye picha ya nazi, niliitoa saluni kwa Amne. Ya pili ilikuwa ya mke wa mwalimu mkuu. Ya tatu iliachwa gesti na wageni waliokuja kupima barabara, chupa nzito yenye maandishi ya dhahabu, hata ukiishika unajisikia umependeza. Nikazipanga mezani, nikachukua daftari, nikachora mistari, kila chupa na safu yake. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Chediel alikula viporo.

Sasa sikilizeni maajabu. Chupa zote tatu zilianza na neno lile lile, Aqua. Zote zilifuatisha Sodium Laureth Sulfate. Zote tatu zilikuwa na Cocamidopropyl Betaine, jina ambalo mpaka leo nikilitamka nahitaji kukaa. Ile nazi iliyochorwa kubwa mbele ya chupa niliitafuta mpaka nikaikuta ya kumi na mbili, imejibanza nyuma ya chumvi. Nikamfuata Innocent, mwalimu wa kemia pale sekondari.

"Aqua ni maji," aliniambia.

"Maji haya haya?"

"Haya haya, Mama Eliana."

"Mbona hawasemi maji?"

"Ndio utaratibu wao wa kuandika. Na hiki cha pili ndicho kinachotoa povu. Kwa kweli hizi tatu ni kitu kimoja, zinatofautiana harufu na chupa."

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo, akarudi nyumbani na kuandika maji. Mimi nilijiona ndiye mimi. Nilichojifunza ni kwamba shampuu ya heshima ina majina mengi. Ya nazi ilikuwa na kumi na manne, ya mke wa mwalimu mkuu kumi na tisa, na ile ya dhahabu ishirini na matatu. Nikayanakili yale ishirini na matatu, herufi kwa herufi, sikukosea hata moja. Asali nikaiweka mwishoni, ya ishirini na nne, kwa jina la Mel, maana Innocent aliniambia ndivyo inavyoandikwa. Majivu sikuyaandika popote. Nikapanda gari mpaka Manyoni, steshenari, wakanichapia lebo za kijani zenye ua la alizeti.

Chediel aliisoma moja akiwa amesimama mlangoni. Yeye ni mtu wa ng'ombe.

"Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe haina majina mengi hivi," alisema. "Na ile ina picha ya fuvu."

Nikamwambia aendelee na ng'ombe wake. Kikundi kilifurahi. Mama Peniel alipitisha kidole juu ya majina, mstari kwa mstari, akasema, "Hapo sasa." Hajira, ambaye aliishia darasa la tano, alijaribu kusoma la tatu akashindwa, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake. Niliionja heshima ile, sitaki kudanganya. Ilikuwa tamu.

Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza. Aliishika lebo kichwa chini miguu juu akasema, "Majivu wameyaandika wapi?"

"Yapo, mama," nikamjibu. "Yameandikwa kwa lugha ya kizungu."

Akatikisa kichwa, akaridhika, akarudi kwenye sufuria lake.

Jumamosi Johari akafika na gari lake, amevaa baibui safi na raba. Akawapa wakubwa shikamoo mmoja mmoja bila kuruka, akakaa kwenye kiti tulichomfutia, akanywa chai. Mtu wa watu kabisa. Halafu akaichukua chupa, akaigeuza, akaanza kusoma. Nilimwangalia usoni nikisubiri ashangae. Alishangaa kweli, ila si kwa namna niliyoitaka mimi.

"Hii ndiyo ile ile niliyonunua siku ile?" aliuliza.

"Ile ile," nikasema.

"Hamjabadilisha kitu?"

"Hata tone."

Akaiweka chupa mezani taratibu. "Basi poleni, dada zangu. Nimewasumbua bure. Wateja wangu siku hizi wanasoma. Wanakuja na simu mkononi, wanaangalia jina moja moja. Wengine vichwa vimewawasha mpaka wamekoma, hawataki kuliona hili la pili wala hili la tisa. Dukani nina rafu nzima ya chupa zenye majina haya haya, zinakula vumbi. Huku nilifuata kitu ambacho hakina majina haya."

Mama Peniel alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yameshaitisha uchaguzi. Nikaona heri niseme.

"Dada Johari, hivyo vitu havimo."

"Havimo?"

"Hakuna hata kimoja. Labda maji na hiyo asali ya mwisho."

"Nani ameviandika, sasa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la maana. Miaka kumi na moja ya shule, na nililolipata ni hili: "Ili ipendeze."

Johari hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kabisa, "Katibu, kama vimo, siwezi kuuza. Kama havimo, nitaamini vipi utakachoniandikia kesho?"

Nikasema niko tayari kuapa. Mama Peniel akaniambia ninyamaze.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Maneno yalikuwa yanamwendea mbio, akamuuliza Mama Peniel kwa Kigogo mgeni anakataa nini. Akaelezwa. Akainuka, akamshika Johari mkono kama anavyoshikwa mgeni anayeoneshwa pa kunawia, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye ndoo yake. Sote tukafuata.

"Haya ni majivu ya alizeti," alimwambia. "Maji yake ndiyo yanashika mafuta. Bila haya utakoroga mpaka jioni, mafuta yatabaki mafuta. Mama yangu alifanya hivi, na mama yake."

Johari alichovya kidole kwenye yale maji ya kahawia, akasugua na kidole gumba, akasikia yanavyoteleza. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asome lebo. Halafu akauliza, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya, "Mama, na kwenye karatasi majivu yako wapi?"

"Yapo," mama alisema. "Binti yangu ameniambia yapo, kwa lugha ya kizungu."

Wote waligeuka kunitazama. Kuku walikuwa wanaparua karibu na mguu wangu, nikawa nawaangalia wao.

"Febronia," mama aliita. Jina hilo huwa halitumii, huwa ananiita mwanangu. "Yapo?"

"Hayapo, mama."

"Uliona aibu?"

"Ndiyo. Niliona aibu."

"Ya majivu au yangu mimi?"

Nikataka kusema ya majivu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikawaza ile lebo ya kijani, majina ishirini na manne, na mwanamke anayekipika kitu chenyewe hayumo hata kwa kificho, nikashindwa kulitoa neno. Mama akamgeukia mgeni na kuendelea kueleza habari za asali.

Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wa mwenzangu bila kumuuliza kama anaona baridi. Lakini mzigo ulikubaliwa, hilo ndilo la kuchekesha. Johari alisema mama yangu yeye anamwamini. Akatoa kalamu kwenye mkoba, mama akataja na Johari mwenyewe akaandika: maji, mafuta ya alizeti, maji ya majivu ya mabua ya alizeti, asali, alovera. Chini yake mama akaweka dole gumba kwa wino, na Johari akasema dole hilo lichapwe kwenye kila chupa. Nasikia Singida mjini wateja wanaionesha ile alama ya dole kwa wenzao. Wanasema inavutia.

Mama Peniel hakuvunja ahadi yake, ingawa hatukukataliwa. Kikao kilichofuata akasema kalamu ipumzike. Walimchagua Hajira wa darasa la tano. Nilimuuliza Mama Peniel sababu, akasema Hajira anaandika polepole, hana muda wa kuongeza. Nimekubali, ningefanya nini. Mihutasari yake ina makosa mistari yote, nimeiona. Mimi kazi yangu sasa ni kuchekecha majivu, na nisiposema nitapasuka, majivu ya alizeti yanaingia puani mpaka unaota unapiga chafya.

Hayo yote ningeyavumilia. Ila mama yangu ana presha, anahudhuria kliniki kila mwezi, na kadi yake imejaa maandishi ya madaktari: vidonge vipi, mara ngapi, arudi lini. Miaka yote hiyo nilikuwa namsomea mimi. Akitoka kliniki alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu, anakaa, ananipa kadi, namsomea mara mbili. Mwezi uliopita nilimwona anatoka barabarani na kadi mkononi. Nikaweka kiti nje. Alipita mlangoni kwangu, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza wajukuu wanaendeleaje, na akaendelea mpaka kwa Hajira.