Mbuzi Nzuri ya Bi Zainab

Mimi Kiswahili changu ni cha Kakamega, na sijawahi kukionea haya. Kimenilisha Nairobi, kimenifikisha mpaka hapa Edmonton, Landani. Lakini Krismasi ile kiliniaibisha kabisa, na afadhali nisimulie mwenyewe, maana mume wangu Zephaniah akisimulia anaongeza chumvi.

Nafanya kazi kwa nyumba ya kutunza wazee. Miaka minne mfululizo rota ilinipanga tarehe ishirini na tano, na kila mwaka nilimwambia binti yangu Jennifer, "Mwaka ujao, mama." Mwaka wa tano nikapewa ruhusa. Nilirudi nyumbani nikiimba. Jennifer, wa miaka kumi, hakuinua hata kichwa. Kiswahili anasikia vizuri sana, hasa akisengenywa, lakini majibu yake ni Kiingereza tu. Akaniambia ameshaalikwa kwa rafiki yake Chloe, ng'ambo ya barabara, na mama yake Chloe atakuja kumchukua Krismasi saa nne asubuhi.

Iliniuma jamani. Na mimi si mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa. Nikamwomba kitu kimoja: anipe nafasi nipange Krismasi yetu, na ikifika hiyo saa nne na bado haimpendezi, aende zake. Akakubali, huku akinitazama vile mtu anavyomtazama fundi aliyemwambia nguo itakuwa tayari Jumamosi.

Basi nikaandika mipango, nikaibandika kwa friji. Nguo mpya, hiyo haina mjadala. Nyota za karatasi dirishani, tukate wote pamoja. Chapati asukume Zephaniah, kwa sababu yeye ni dereva wa basi na Krismasi mabasi ya Landani hayatembei hata moja, kwa hivyo hana pa kukimbilia. Watoto wapeleke sahani kwa majirani. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: MBUZI. Kwetu Krismasi bila mbuzi ni Jumapili tu kama zingine. Fanuel wetu wa miaka mitano akaichora pembeni, na kofia nyekundu juu. Jennifer alisoma, akauliza kama mbuzi itakuja kweli ama ni maneno. Nikaapa mbele ya baba yake.

Shida ni kwamba nilikuwa na shifti kila siku mpaka tarehe ishirini na nne. Nikamkumbuka Bi Zainab, jirani wetu wa mlango wa pili. Bi Zainab ni Mzanzibari, mtu wa swala tano, Krismasi si yake, lakini watoto wangu anawapenda kama wake. Ndugu yake Talib ana duka kule Ilford linalouza kila kitu cha nyumbani, kuanzia mihogo na nyama mpaka vyungu. Nikamrekodia ujumbe nikiwa kwa basi: "Bi Zainab, nisaidie. Nataka mbuzi nzuri, kubwa, ya Krismasi. Nataka watoto waifurahie."

Akajibu upesi kwamba Talib anazo, je, nataka ya kukunja? Nikafikiri anauliza kama ikunjwe ndio ienee kwa friji. Nikamwambia ya kukunja ndiyo hiyo hiyo, jiko langu dogo. Siku ya pili akasema ameiona kwa macho yake, meno mazima na makali. Nilifurahi mno. Kwetu mbuzi huangaliwa meno ujue umri wake, kwa hivyo nikajua huyu mama si wa mchezo, na kichwa kinakuja pia, supu ipo. Nikauliza bei. Akaniambia nisimtukane, hiyo ni zawadi yake kwa watoto. Mbuzi nzima, zawadi! Kazini wote walisikia habari za ukarimu wa watu wa pwani.

Tarehe ishirini na nne jioni, Bi Zainab akaingia na furushi limefungwa kwa karatasi ya nyota. Alilibeba kwa mkono mmoja. Nikachungulia nyuma yake nione Talib na mzigo wenyewe, sikuona mtu. Watoto walikuwa wamesharukia karatasi na kuirarua. Ndani kulikuwa na kibao cha mti chenye miguu ya kukunja, na mbele kimechomoza chuma chenye meno.

"Bi Zainab," nikasema, "mbuzi iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

Zephaniah aliwahi kuishi Mombasa. Alishika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. Hapo Bi Zainab naye akaelewa, akajiziba mdomo.

"Mama Jennifer, wewe ulisema nzuri, kubwa. Mbuzi wa nyama ni mzuri, mkubwa. Mwenye roho hatumtaji kama kiti. Hii ndiyo mbuzi nzuri, ya kukunia nazi."

Sisi wa bara hayo hatuyajui. Mbuzi kubwa, ng'ombe yangu, kuku ile, na tunaelewana miaka yote. Zephaniah akapiga simu maduka matatu ya nyama. Mawili yalikuwa yamefunga, la tatu lilibakiwa na shingo za kuku. Jennifer alipanda juu, nikasikia zipu ya begi lake, anapanga vitu vya kwenda kwa Chloe. Nilikaa kwa ngazi nikalia kama mtoto, na Bi Zainab akakaa kando yangu akiomba radhi, wakati kosa lilikuwa langu mimi na ulimi wangu.

Asubuhi saa mbili akarudi na nazi sita, akasema mbuzi bila nazi ni kigoda tu. Akaikunjua katikati ya jiko, akaikalia, akaanza kukuna. Fanuel akalia apewe zamu, akapewa, kila alichokuna akala. Zephaniah alikuwa kwa meza anasukuma chapati, na wimbo wake wa kanisani ameuanza juu sana.

Saa tatu Jennifer akashuka, koti amevaa, begi begani. Akasimama mlangoni. Bi Zainab hakumbembeleza wala kumsalimu kwa mbwembwe. Alilalamika tu kwamba huyu Fanuel anakuna mpaka ganda, tui litaharibika, na kwamba hapa anatakiwa mtu mwenye akili zake.

Jennifer akaweka begi chini, akakaa, koti bado mwilini. Nusu ya kwanza ya nazi iliruka mpaka kwa pazia. Ya pili Bi Zainab akamshika viganja, akamwonyesha namna ya kuizungusha, na nazi ikaanza kushuka nyeupe kwenye sinia. Ya tatu koti likavuliwa. Mimi nilijifanya naosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Saa nne kamili kengele ikalia. Mama Chloe alikuwa mlangoni na sweta yake ya sikukuu, anatabasamu. Ningeweza kumdanganya, haki ya nani lilinijia wazo hilo. Lakini niliahidi. Nikageuka, nikaita, "Jennifer, wamekuja kukuchukua."

Hata Zephaniah akaacha kuimba. Kisha mtoto akapaza sauti kwa Kiingereza chake safi, mtaa mzima usikie: asante sana, lakini hawezi kutoka, amekalia mbuzi.

Mama Chloe akanitazama. Akachungulia ndani, akanitazama tena. Nilitaka kumweleza, kicheko kikanishinda, na machozi pamoja, na kwa miaka yote ya Landani sijafurahi vile. Nikamshika mkono nikamwambia amlete Chloe, waje wote, zamu ipo.