Jina la Baba Mkwe

Simu kutoka ofisi ya uhamiaji iliita Kaneza akiwa anamenya ndizi. Mumewe, Protasi, aliipokea kwa heshima, akavua na kofia kana kwamba aliyepiga anamwona. Akasema "ndiyo, afande" mara nyingi, kisha akaikata na kubaki ameishika mkononi.

"Alhamisi," akasema. "Wanakutaka Ngara mjini kwa mahojiano. Mimi na mzee tuwepo pia, wanaweza kutuuliza kama mashahidi."

Kisu kilimteleza Kaneza kikamchana kidole. Alikinyonya kile kidole asihisi maumivu yake. Kilichomuuma zaidi ni hofu aliyokuwa ameishi nayo siku nyingi.

Alizaliwa ng'ambo, upande wa Burundi, akavuka utotoni akiwa ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Mama alikwisha kufa, na huko ng'ambo hakubaki mtu wa kumfungulia hata mlango. Hapa Mabawe ndipo alipokulia, ndipo alipofungia ndoa, ndipo alipomzaa Recho na mdogo wake wa kiume. Majirani walimwita mama Recho, walimpa zamu yake ya kufagia kanisa la kigango, waliazimana naye ungo. Lakini kila gari geni lilipopanda kilima, yeye alichukua jembe akateremka migombani, hata kama shamba lilikuwa limekwisha kupaliliwa, akainama huko mpaka mlio upotee.

Ombi lake la uraia, kama mke wa raia, lilipita kijijini, likapita kata, kisha likanyamaza hadi yeye akaanza kuomba kimoyomoyo lisahaulike. Maana alimjua Niyonsaba wa Murusagamba. Ombi la Niyonsaba lilikataliwa. Ilionekana ndoa yake si ya kweli, akaambiwa arudi kwao. Sasa aliwaona wanawe siku za soko la mpakani tu. Yule mdogo, watu walisema, siku hizi humwamkia mama yake "shikamoo" huku amejificha nyuma ya shangazi, kama anavyomwamkia mgeni.

Jioni ile ile Francisca, mdogo wake Protasi, aligeuza jiko kuwa darasa. Alikuwa chuo cha ualimu, amekuja likizo, na alipenda kuuliza maswali.

"Muungano ulikuwa lini?"

"Tarehe ishirini na sita Aprili, mwaka sitini na nne."

"Mikoa inayopakana na Kagera?"

"Geita, Kigoma, na Mwanza kwa upande wa ziwani."

"Haya, wimbo wa taifa."

Kaneza akaanza kuimba, macho ameyainamisha kwenye majivu. Recho alidakia, na mdogo wake akapiga sufuria kwa mwiko.

"Wifi, unaimba kama uko matangani," Francisca akacheka. "Inua uso! Ni wimbo wa kwako huo. Sasa tuje nyumbani. Jina kamili la mume wako?"

"Protasi."

"Protasi nani?"

Kaneza aliutazama moto. Francisca alicheka tena, halafu cheko lake likakatika katikati. Aliweka kikombe chini.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Hilo hatukulifikiria."

Katika ukoo ule, kama ilivyokuwa kwa mama yake Kaneza ng'ambo, mke wa mwana hatamki jina la baba wa mumewe. Halitamki mbele yake wala nyuma yake, wala hatamki jina la mtu mwingine yeyote anayeitwa hivyo. Mumewe alibeba jina lile kama jina la pili na la tatu, kwa hiyo kwa Kaneza yeye alikuwa Protasi, basi. Mtoto wao wa kiume alibatizwa jina la babu yake. Kijiji kizima kilimwita kwa jina lake, ila mama yake alimwita Babu. Kliniki alikuwa akimpa nesi kadi asome mwenyewe. Tangu aolewe, Kaneza alikuwa amelizunguka jina hilo kama mtu anavyozunguka shimo lililo katikati ya uwanja wa nyumba yake, hadi miguu ikazoea na macho yakaacha kuliona.

"Hawataliuliza," alisema mama mkwe, Verediana, kutoka kwenye mkeka alikokuwa anachambua maharage.

"Mama, ndilo la kwanza watakalouliza," Francisca akajibu. "Wanataka kujua kama kweli anaishi hapa."

"Basi aseme mzee. Mzee inatosha."

"Wazee wamejaa Ngara nzima, mama."

Verediana aliupeta ungo kwa nguvu. "Kwetu kulikuwa na mwanamke alimtaja mkwewe, wanagombania mbuzi. Mbuzi yule aliwekwa kwa ajili ya Krismasi. Hakuifikia. Alichinjwa kwenye matanga ya mzee. Mnataka niwaambie nini tena?"

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, mzee mwenyewe alikohoa. Kifua kilimsumbua tangu mvua zianze, na kikohozi chake kilikuwa kirefu, kikavu, chenye mwisho usiojulikana. Kila mara Kaneza alijikuta amezuia pumzi mpaka kiishe. Alimpenda mzee yule. Siku aliyoletwa pale akiwa bibi harusi hana hata shangazi wa kumsindikiza, wanawake walinong'ona kwamba huyu ametoka wapi. Mzee alitoka, akamwondolea mwenyewe kikapu kichwani, akasema, "Ametoka kwao, amefika kwao." Tangu hapo hakuna aliyenong'ona tena, angalau si kwa kusikika.

Jumatano Kaneza alienda migombani na jembe, peke yake. Hapakuwa na gari lililopanda. Alisimama katikati ya mashina, akatazama huku na huku, akafungua mdomo. Herufi ya kwanza ilikuja mpaka kwenye meno ikakaa hapo. Aliisukuma. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akajaribu kwa kunong'ona, akajaribu kwa kufumba macho. Hatimaye alijiambia, sema tu, ndizi hazina masikio, na nusu ya jina ikatoka.

Pale pale kikohozi kikasikika kutoka nyumbani.

Alitupa jembe akakimbia. Alimkuta mzee amekaa uwanjani juani, na mjukuu wake yuko katikati ya magoti yake, wote wawili wanatafuna muwa. Mzee akamtazama alivyokuwa anahema.

"Nini, mwanangu? Nyoka?"

"Hapana, baba. Si kitu."

Mzee alitema makapi, akanyamaza. Tangu jioni ile ya maswali alikuwa amenyamaza hivyo, na Kaneza hakujua kama pazia lile huzuia sauti au halizuii.

Alhamisi walikwenda kwa bodaboda mbili. Mzee alikaa na mwanawe, amejifunga shuka mabegani, na mbele ya Kaneza njia nzima lile shuka lilitikisika kwa kukohoa. Verediana alikataa kabisa mzee aende. Mzee alikuwa amejibu neno moja tu: "Nimeitwa."

Mjini kulikuwa na ukungu. Barazani mwa ofisi palikuwa na benchi moja chini ya dirisha, na mzee akachagua kukaa hapo hapo. Protasi alitaka kumsogeza ndani kwenye joto, akakataa. Kaneza alipoitwa, alianza kwanza kujifunga upya kanga.

"Nenda," mzee akamwambia, akitazama mbele yake, kwa kuwa mkwe na mke wa mwana hawatazamani machoni. "Mimi nipo hapa."

Ofisa alikuwa mwanamume mwenye lafudhi ya pwani, amevaa sweta juu ya sare, anapasha mikono kwa kikombe cha chai.

"Shikamoo, afande."

"Shikamoo tena? Mama, sisi tunalingana. Keti, usiogope."

Kumwambia asiogope ilikuwa kama kumwambia asiwe na kivuli. Lakini maswali ya nchi yalipita vizuri. Alitaja tarehe, akataja mikoa, akaeleza bendera rangi kwa rangi. Aliimba, na safari hii aliinua uso. Ofisa alitabasamu, akafungua ukurasa mwingine.

"Tuje nyumbani sasa. Mumeo anaitwa nani, majina yote matatu?"

"Protasi."

"Endelea."

"Protasi… baba Recho."

Ofisa alingoja, kalamu hewani. "Watoto?"

"Recho. Na wa pili, Babu."

"Babu? Alibatizwa Babu?"

"Ndivyo ninavyomwita."

"Baba mkwe wako je?"

"Mzee."

"Mzee nani?"

Kaneza aliinamia meza. Ofisa akaweka kalamu mezani, na ule mlio mdogo wa kalamu kugusa meza ulimtisha Kaneza kuliko kelele.

"Mama, nisikilize. Wimbo umeuimba vizuri kuliko mimi. Lakini hayo ya nchi mtu anaweza kufundishwa jikoni kwa wiki moja. Nchi unaijua, nyumba yako huijui. Hujui jina la mumeo, hujui la mwanao, hujui la mkweo. Ungekuwa mimi ungeandika nini?"

"Nalijua, afande." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Ni jina moja. Kwetu mke halitamki. Ni la mzee."

"Sikatai. Mila zipo, hata kwetu zipo. Lakini kila anayekaa kwenye kiti hicho huja na sababu yake. Nikiandika 'hakujibu', huko juu hawatasoma mila. Watasoma 'hakujibu'."

Akasukuma kikombe pembeni, akasubiri.

Kaneza alimwona mwanawe amejificha nyuma ya Francisca, siku ya soko, anamwambia "shikamoo" kwa aibu. Halafu nje, chini ya dirisha, kikohozi kilianza. Kirefu, kikavu. Alimwona mbuzi wa Verediana. Kwa dakika ile alichukia vyote viwili, karatasi na mwiko wa jina, na akajichukia mwenyewe kwa kuwa angemwua mzee aliyempokea kikapu. Alijikuta amesimama, ameshika ukingo wa meza. Akasema.

"Sijasikia, mama."

Basi akalisema kwa sauti, sauti ambayo hakujua anayo, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde:

"Juvenali Ndikuriyo!"

Nje, kikohozi kilikatika.

Hakikupungua polepole kama siku zote. Kilikatika, paa, na baada yake pakawa kimya. Kaneza aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alihesabu pumzi zake mwenyewe kwa sababu hakuweza kusikia za mtu mwingine.

"Nipo!" sauti ikaja kutoka dirishani, nzito, yenye mkwaruzo. "Nipo hapa, mwanangu. Unaniita?"

Ofisa aliinuka, akachungulia nje.

"Mzee, nani amekuita?"

"Mke wa mwanangu. Si umemsikia?"

"Kwa hiyo wewe ndiye…"

"Ndiye mimi, tangu kuzaliwa. Huyu hajaniita hata siku moja tangu aje kwangu. Leo ameniita, na wewe unanizuia nisimwitikie?"

Benchi likacheka, maana Protasi na watu wengine walikuwa wamekaa pale. Ofisa naye alirudi mezani akiwa anauma mdomo asicheke. Kaneza hakucheka. Alikuwa analia bila sauti, na vidole vilikuwa bado mdomoni.

"Na yule mtoto, Babu?" ofisa akauliza, polepole sasa.

"Juvenali."

"Na mumeo?"

"Protasi Juvenali Ndikuriyo."

Kila mara moyo ulimruka, na kila mara alitega sikio dirishani. Ofisa aliandika mistari mingi kuliko majina hayo.

"Uamuzi si wangu," akasema. "Utatoka juu, na unaweza kuchukua muda. Mimi naandika nilichosikia kwa masikio yangu: kwamba mama aliita, na mzee wa nyumba akaitika."

Jioni walipofika nyumbani, Verediana aliwatazama usoni mmoja mmoja, akajua. Hakumwuliza Kaneza neno. Alipika mwenyewe, akampakulia mzee mwenyewe, akapita karibu na Kaneza kama anapita karibu na mgomba.

Asubuhi Kaneza alikoroga uji wa ulezi mapema kuliko siku zote. Kawaida alimkabidhi mama mkwe kikombe mlangoni, naye ndiye aliyekiingiza nyuma ya pazia. Leo walisimama hapo wote wawili, na mvuke wa uji ukipanda katikati yao, na kutoka ndani hapakuja sauti yoyote. Siku zote saa hizi mzee alikuwa amekwisha kukohoa. Kaneza alimtazama Verediana, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba yule mama naye alikuwa amezuia pumzi, mkono umelikamata pazia bila kulifungua. Ukimya wake wa tangu jana haukuwa wa hasira. Alikuwa anaogopa, kama yeye.

Halafu kitanda kililia, na kikohozi kikaanza, kirefu, kikavu, kibaya kama cha jana na juzi. Kaneza hakuwahi kusikia kitu kitamu namna ile.

Verediana alishusha pumzi. Alinyoosha mkono kuelekea kikombe kama kawaida, halafu akaurudisha.

"Mpelekee mwenyewe," akasema, huku amegeuza uso upande wa uwanja. "Si umeshamwita?"

Akamshikia pazia apite.