Swali la Mara ya Tatu

Je, umewahi kumwonea wivu mtu uliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu? Mimi nimewahi, tena nikiwa mtu mzima wa miaka sitini na tisa, mwenye wajukuu sita na magoti yanayotabiri mvua. Mtu huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni hadi mgongo ukazoea joto lake. Nitakueleza polepole, maana shule yangu iliishia ya msingi na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu.

Kwanza ujue tunavyokaa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho chumba cha kazi, na mlango wake unatazama barabara. Dirishani ipo meza yangu ndefu ya kukatia, iliyochubuka rangi pale ninapoegemeza tumbo. Ukutani ipo cherehani ya mdogo wangu, ya kukanyaga kwa miguu, na kikanyagio chake hulia kama bata kila kinapopanda. Mimi hukata, yeye hushona. Sasa kukata ni kazi isiyo na shukrani. Nguo ikikaa vizuri, mteja humsifu aliyeshona. Ikibana makwapani, huulizwa aliyekata. Miaka thelathini nimesikia watu wakimwambia mdogo wangu kuwa mkono wake una baraka, nami nimesimama papo hapo na chaki nyuma ya sikio. Sikuwahi kulalamika, lakini asiyelalamika si kiziwi.

Tunakaa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayefanya kazi mbali. Mjukuu huyo anauza kwenye duka la dawa, na kwa wembamba wake tunamwita Sindano. Huyu nimemlea mimi. Namba alijifunza kwenye futi yangu ya kupimia, na mpaka leo akihesabu haraka husita kidogo kwenye arobaini na saba, maana pale futi ilikuwa imefutika.

Sindano anampenda mwimbaji mmoja, mwanamke, watu wanamwita Njiwa. Hutunga nyimbo zake mwenyewe na huzunguka mji hadi mji na gitaa lake. Nyimbo zake zina namna ya zamani, za kubembelezea watoto na za kupokezana, ila amezitia mdundo wa siku hizi, basi vijana wanacheza na wazee wanatikisa vichwa. Tukasikia Njiwa anakuja mjini kwetu, Jumamosi alasiri, ukumbi wa mikutano. Jumatano yake Sindano akaingia chumbani na tiketi mbili, anazipepea kama mtu anayepoza chai.

Akaniuliza mimi kwanza. Hilo naomba ulikumbuke. Akasema, "Bibi, twende?"

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu. Marehemu mama yetu alitulea kwa sheria moja: ukialikwa, usikubali papo hapo kama mtu aliyeshinda na njaa. Mara ya kwanza kataa kwa adabu. Mara ya pili toa sababu. Mara ya tatu kubali, tena kwa kunung'unika kidogo, ili aliyekualika aone amekushinda. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, hivyo ndivyo nilivyopata kila kitu kizuri maishani mwangu.

Basi nikamjibu Sindano kwamba hapana, mjukuu wangu, nendeni nyinyi vijana. Akasema, "Twende bwana, Bibi, utafurahi." Nikasema mimi na magoti haya nitakaaje saa tatu kwenye kiti. Moyoni nilikuwa nimeshachagua viatu. Nikainama kwenye kitambaa nikingoja mara ya tatu, na kwa jicho la pembeni nikaona mdomo wake unafunguka.

Bata akanyamaza. Mdogo wangu alikuwa ameondoa miguu kwenye kikanyagio. Akasema, "Basi mwache dada apumzike. Nitakwenda mimi."

Sindano akamrukia shingoni, bibi mdogo huyu, bibi mdogo yule. Kizazi chao ukisema hapana wanaelewa hapana, siwalaumu. Lakini yule wa kwenye cherehani alilelewa na mama yuleyule, kwa sheria ileile. Alijua mara ya tatu ilikuwa njiani, akaidaka hewani kama paka adakavyo nzi.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa ajabu. Nilijikaza kisabuni, natabasamu, nauliza kama wamepata chakula, na ndani nachemka. Wakawa wanakaa wawili kwenye benchi la barazani na nyaya za kusikilizia muziki, sikio moja la Sindano, sikio moja la mdogo wangu, vichwa vimegusana. Mimi napita na ndoo. Hawanioni. Napita tena na ndoo ileile, tupu. Mdogo wangu akaanza kuimba huku anashona, na akikosea maneno, Sindano anamsahihisha kutoka chumba cha pili, wanacheka. Nikawaambia cherehani imeanza kuharibika, haiwezekani iwe inapiga kelele kiasi kile. Hawakuelewa nasema nini, nami sikuwaeleza.

Alhamisi akanijia na kitambaa cha buluu. Akasema dada, nikatie gauni la kwendea.

Nikakitandika mezani. Vipimo vyake sina haja ya kuvichukua, navijua kama ninavyojua njia ya jikoni. Nilipofika kiunoni mkasi ukasita. Kidole kimoja tu ndani ya chaki, na mdogo wangu angekaa ukumbini saa tatu bila kupumua. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Mwishowe nikakata juu ya chaki. Usinisifu kwa wema. Ni kwamba gauni likibana, angeulizwa aliyekata.

Jumamosi walitoka mchana, wameshikana mikono, gauni limemkaa kama amezaliwa nalo. Jirani kutoka ng'ambo ya barabara akapaza sauti kwamba mama, mkono wako una baraka. Nikarudi ndani nikakaa. Nyumba ikawa kimya hata nikasikia saa ya ukutani.

Hazikupita dakika kumi akaingia muuguzi mmoja, mteja wetu, amekuja kuchukua sare yake. Yuko mbio, ameitwa kazini ghafla. Akafungua mkoba kutafuta karatasi yake ya kuchukulia nguo, ikatoka tiketi. Akaguna. Akasema ndiyo basi tena, alikuwa aende kwa Njiwa na sasa haendi, je, bibi anaitaka? Mdomo wangu ukasema hapana mwanangu, utampa mwenzako. Akasema haya, akawa anairudisha mkobani. Wallahi sijui kilichotokea. Mdomo ulikuwa bado uko kwenye hapana, mkono ukatoka wenyewe ukaikamata ile tiketi kwenye pembe. Tukabaki tumeishika wote wawili. Muuguzi akaniangalia, akaiachia, akacheka mpaka mlangoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya chuma vya kukunja, mistari na mistari, na jukwaani zulia jekundu lililoliwa pembeni, gitaa mbili, ngoma ndogo na kijana wa fidla. Kiti changu kilikuwa mstari wa kumi na nne. Nilipoinua macho tu, nikaliona gauni la buluu mstari wa kumi na moja. Na wewe unajua, macho hayana pazia.

Njiwa akatoka. Mwanamke mfupi, viatu bapa, nywele amezifunga kwa kitambaa cha kawaida tu. Hakusalimia kwa mbwembwe. Alikaza nyuzi mbili, akasema amelala kwenye basi siku nne na mgongo unamuuma, watu wakacheka, akaanza. Ninaambiwa aliimba vizuri sana. Mimi sikusikia. Wimbo wa kwanza nilitazama mkono wa mdogo wangu ukiwa begani kwa Sindano. Wimbo wa pili nilimtazama akipiga makofi, yote nje ya mdundo, na mjukuu wangu akimshika viganja kumfundisha. Wimbo wa tatu Sindano akalaza kichwa pale pale begani, kwenye kitambaa nilichokata mimi. Mtu wa mstari wa kumi na nne anaona mambo mengi.

Pembeni yangu alikaa dereva wa lori, baba mnene, peke yake, anajipangusa macho kwa leso tangu wimbo wa kwanza. Alinieleza kuwa hizi nyimbo ndizo humweka macho barabarani. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, umekuja na nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. "Na wale pale. Yule mwembamba ni mjukuu wangu."

Akatazama, akanitazama. "Sasa mbona umekaa na mimi?"

Dereva akaona amegusa kidonda, akanipa peremende.

Wakatangaza mapumziko ya dakika kumi na tano. Nikajiinamia nikijitia nafunga kiatu, lakini haja ndogo haina siri, nikalazimika kwenda kusimama kwenye foleni ya choo cha wanawake. Foleni inazunguka nguzo. Na wa mbele yangu, alipogeuka kuuliza kama kuna maji, alikuwa gauni la buluu.

Tukatazamana. Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza nimekaa wapi, nikamwambia mstari wa kumi na nne, na baba mmoja dereva wa lori. Akauliza magoti je, nikasema yapo. Tukasogea hatua moja na foleni. Ndipo nikamwambia kilichonikaa kooni tangu Jumatano.

"Ulinidakia mara yangu ya tatu. Unaijua sheria, na ulinidakia."

Nilidhani atakana. Akasema, "Nilikudakia, ndiyo."

Akanyoosha mkono wa gauni lake ambao haukuwa na kikunyanzi. Kisha akaniuliza kama namkumbuka shangazi yetu aliyekuwa fundi, siku alipokuja nyumbani kutafuta msichana wa kumfundisha ukataji. Namkumbuka, nitamsahauje? Alinifanya nilivyo. Mdogo wangu akasema yeye pia aliulizwa siku ile. Mimi sikujua. Shangazi alimkuta uani anaosha masufuria, akamuuliza kama angependa kwenda. Akajibu hapana kwa adabu kama tulivyofundishwa, akainama akingoja mara ya pili. Shangazi akasema haya, akaingia ndani, akaniuliza mimi. Mimi akaniuliza mara tatu.

"Wewe ulikuwa mkubwa, dada," akasema. "Mkubwa huulizwa mara tatu. Mdogo huulizwa mara moja, tena kwa haraka. Kazi, mume, nyama ya mwisho kwenye sufuria, mimi hakuna aliyewahi kunifikisha hata mara ya pili. Basi nikaamua. Nikiulizwa nakubali. Nisipoulizwa nakubali vilevile."

Mama mmoja nyuma yetu akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Miaka thelathini nimekasirika kwamba sifa zangu huzichukua yeye, na kumbe kila nilichokata mezani pale, yeye alikuwa akikitazama kutoka kwenye cherehani, anajua ni mkasi gani ungekuwa wake. Sitakudanganya kwamba wivu uliniishia. Wivu hauishi kwa sababu umemwelewa mtu. Ila ulipata mwenzake wa kukaa naye.

Tulipotoka kunawa mikono akaniambia, "Nenda ukakae pale kwangu. Mimi nitakwenda kwa huyo baba yako wa lori."

Na mimi, baada ya yote hayo, nikafungua mdomo nikasema, "Hapana, mdogo wangu. Kaeni tu nyinyi."

"Haya," akasema. Akaenda zake.

Nilibaki kando ya bomba, mikono inachuruzika. Aliondoka kweli, hakugeuka hata shingo, gauni la buluu likazama kwenye watu. Taa za ukumbi zikaanza kupunguzwa. Nikasikia gitaa likijaribiwa jukwaani, waya mmoja, kisha mwingine. Nikatazama mstari wa kumi na nne, dereva ameniwekea kofia yake kwenye kiti asikae mtu. Nikaupita.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa umeshakaa. Nikaanza kupenya, samahani baba, samahani mama, nimekanyaga, nimegonga magoti, mtu wa nyuma akasema bibi kaa chini hatuoni. Mdogo wangu aliniona nakuja, akavuta miguu yake kunipisha, asiseme neno. Sindano akainua uso. Kwanza hakunitambua kwenye kiza kile. Kisha akasema kwa mshangao, "Bibi? Kumbe umekuja? Si ulisema hutaki?"

Watu kumi wananitazama. Njiwa ameshaanza wimbo, ule wa polepole anaouimba Sindano akiwa bafuni kila asubuhi, ninaoujua wote kwa kuusikia nyuma ya mlango. Koo langu likataka kusema la, nilikuwa napita tu. Nikalizuia. Nikamshika mjukuu wangu bega, lile lililokuwa tupu.

"Nilitaka," nikamwambia. "Uliponiuliza mara ya kwanza tu, nilitaka. Nilitaka kuja na wewe."