Kura za Wakamwana

Kwa kusoma, Tusekile alikuwa wa kwanza katika wanawake wote wa mlima ule, na hakuacha wiki ipite bila kuwakumbusha. Kisha, kabla mtu hajamwuliza, huongeza mwenyewe kwamba wasichana walioanza shule ya misheni walikuwa wawili tu, na mwenzake Ikupa alifukuzwa wiki ya pili kwa kumng'ata mwalimu. Uwanja ukabaki wake peke yake.

Usomi huo wa darasa la nne ndio uliowafanya wenzake wamkimbilie mwaka wa hamsini na saba, Bwana Shauri mpya, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipopanda kutoka Mbeya mjini na kutangaza kwamba watu wa kijiji watamchagua wenyewe mjumbe wa kuwasemea katika halmashauri ya wilaya. Zamani mjumbe alichaguliwa na jumbe, mkuu wa kijiji, na jumbe alichaguliwa na nani, hilo lilikuwa swali la watu wasio na shamba. Sasa kila nyumba itasema kwa mdomo mmoja. Na kwa kuwa nusu ya wanaume walikuwa Rhodesia wakichimba shaba, mahali ambapo mume hayupo, mdomo wa nyumba utakuwa wa mkewe.

Jambo hilo liliwavuruga wanawake vichwa. Ikupa aliuliza kama anatakiwa kumchagua mtu anayemtaka yeye au anayetakiwa na mumewe, maana mumewe yuko Kitwe, barua huchukua miezi miwili kwenda na miwili kurudi, na jibu likija huwa limeuliza habari za ng'ombe tu. Mama Matilda, mjane wa rika la wazee, alisema kama mdomo wake umekuwa wa serikali, basi serikali iulishe. Tusekile aliwajibu wote kwa sauti ya mtu anayejua. Hakujua kitu.

Alilolijua ni moja. Waliosimama walikuwa wawili. Wa kwanza ni Sedekia, mpima kahawa wa chama cha ushirika, aliyesema hadharani kwamba ile amri ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko siku tatu kwa wiki, ambayo wachimbaji wake walikuwa wanawake, ataipeleka halmashauri ijadiliwe upya. Wa pili alikuwa mzee aliyekwisha kuikubali amri hiyo, tena akaomba siku ziwe nne. Karatasi haina baba mkwe, kwa hiyo hapa jina lake linaandikwa: Gideoni. Tusekile asingeweza kulisema. Aliolewa na Andendekisye, mtoto wa mzee huyo, na kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, wala halitii jina lake kinywani hata awe anaota. Tena wazee wa rika moja ni ndugu, kwa hiyo wake wote wa vijana wa kijiji walihesabiwa kuwa wakamwana wake. Wenye waume Rhodesia, Tusekile akiwamo, walikuwa arobaini na mmoja. Wakimwona anakuja, huzama kwenye mahindi kama vifaranga waliomwona mwewe.

Siku ya kuchagua ikafika, siku ya ukungu na baridi ya kuuma masikio. Meza iliwekwa mbele ya nyumba ya baraza. Nyuma yake alikaa karani Philbert, mtu wa Kalenga huko Iringa, aliyekuwa na miezi miwili tu kijijini na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ungedhani itatembea bila yeye. Mtu alitakiwa kwenda mezani na kutaja jina la amtakaye, karani aliandike kitabuni. Wagombea wenyewe walikaa kwenye viti, mmoja huku, mmoja huku, wakiwatazama wachaguaji machoni.

Wanaume walitangulia, kisha wazee wakajitenga pembeni kuwapisha wakamwana. Mama Matilda naye akaenda, akataja jina la Sedekia kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde. Ndipo wakamwana wakaja kwa mstari, Tusekile mbele. Alipokata kona ya nyumba akaona kiti, akaona goti juu ya kiti, na hakuhitaji kuona zaidi. Alijifunika kanga kichwani, akageuka, akakaa kwenye majani. Wa pili naye vivyo hivyo. Kufumba na kufumbua, Bwana Shauri alikuwa anatazama migongo arobaini na mmoja.

Aliuliza kama huu ni mgomo. Karani Philbert alimjibu kwamba ni aibu tu ya wanawake wa huku, itawatoka.

Haikuwatoka. Kichwa cha Tusekile kilikuwa kinazunguka kama jiwe la kusagia. Kumtaja Sedekia anaweza, ulimi haumkatazi. Lakini ili afike mezani lazima apite mbele ya goti lile. Akamtuma Mama Matilda, ambaye si mkamwana wa mtu, akamwombe mzee asogee nyuma ya nyumba kwa muda mfupi. Mzee Gideoni alijibu kwa upole mkubwa kwamba mgongo unamwuma, tena kiti ni cha serikali, na kuinuka kwenye kiti cha serikali ni kuitukana serikali.

Hapo Tusekile alianza kuelewa, polepole, kama mtu anayesikia harufu ya ugali unaoungua na kukumbuka kuwa ni wake. Mzee akiendelea kukaa, wanawake hawasogei. Wasiposogea, zinabaki kura za wanaume, na wanaume waliobaki kijijini wengi ni rika la mzee. Alikuwa anashinda uchaguzi kwa makalio.

"Basi hatuondoki," Tusekile aliwanong'oneza wenzake.

"Tunafanya nini?" Ikupa aliuliza.

"Tunakaa."

"Tutakaa mpaka lini?"

Hilo Tusekile hakulijua, kwa hiyo alilijibu kwa kuanzisha wimbo wa kanisani.

Bwana Shauri alikuwa na baraza jingine bondeni. Aliagiza kwamba atarudi saa tisa kusomewa hesabu, akaondoka na gari lake. Gari lilipotoweka, tarishi wa jumbe, Saulo, aliizunguka ile migongo na kuja kusimama upande wa nyuso. Akauliza wanachotaka. Wakasema wanataka kuchagua.

"Si mchague, basi."

"Aondoke kwanza," alisema Tusekile.

"Nani aondoke?"

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyeweza kumtaja.

"Aliyekaa," Ikupa akajaribu.

"Wamekaa wawili."

"Yule asiyepima kahawa."

"Mimi pia sipimi kahawa," Saulo alisema, akaenda zake akiwa na hasira ya mtu asiyejua amekasirishwa na nini.

Ukungu ulizidi. Wapita njia walikuja kuuliza, na kila mmoja alijibiwa na mgongo aliouuliza. Huyu aliambiwa wanakataa matuta. Yule aliambiwa wanamheshimu mzee, na majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, jambo lililozidi kuwachanganya wote wawili. Mwanamke wa kijiji cha pili alidhani ni msiba, akarudi na kibaba cha unga wa rambirambi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudisha nao. Wanaume wachache wasio wa rika la mzee walileta uji kwa majirani zao, wakaona hakuna matusi wala mawe, watu wamekaa tu, wakakaa nao, wakajifunika kanga za wenzao kwa baridi. Tusekile alihesabu migongo, ikawa inaongezeka. Hakujua kama afurahi au aogope.

Saa nane karani Philbert, asiyetaka Bwana akute kurasa za wanawake tupu, aliingia ndani na kitabu chake. Alitoka baada ya kitambo akiupuliza wino.

Bwana Shauri alirudi, akaikuta migongo palepale. Akaamuru hesabu isomwe. Karani alisimama, akasafisha koo. Kura za Sedekia zilikuwa za wanaume kumi na tisa na mjane mmoja. Kura za Gideoni zilikuwa za wanaume ishirini na wawili, na wanawake arobaini na mmoja.

"Hawa walichagua?" Bwana Shauri aliuliza.

"Mmoja mmoja, Bwana. Walilitaja jina kwa vinywa vyao, ndipo wakakaa kupumzika." Akaanza kuwasoma. "Tusekile, mke wa Andendekisye, amemtaja Gideoni. Ikupa, mke wa..."

Wimbo ulikatika katikati. Tusekile alisikia baridi ikimpanda kutoka kwenye majani. Akinyamaza, ataonekana amekichagua kiti kile, na zaidi ya hapo, ataonekana amemtukana baba mkwe wake kwa jina mbele ya kijiji kizima. Ng'ombe wa mahari watadaiwa, na yeye atarudishwa kwao. Akisema, atasema mbele ya baba mkwe, na hilo nalo ni kosa. Hakuona njia ya tatu, kwa hiyo alisimama na kwenda kinyumenyume. Alirudi hatua kwa hatua, kanga usoni, kisigino kikitafuta njia, mpaka mgongo wake ukagusa meza.

"Bwana," alisema, akiuambia ukungu, "mwulize mzee kama amewahi kulisikia jina lake kwa mkamwana yeyote."

Bwana Shauri alimwuliza. Mzee Gideoni alitazama kiti, akatazama rika lake waliokuwa wamekodoa macho kusubiri. Akisema ndiyo, atakwenda halmashauri, lakini atakwenda kama mtu ambaye jina lake linachezewa na wakamwana arobaini na mmoja. 

"Nyumbani kwangu kuna adabu," alisema mwishowe. "Hakuna aliyelitamka. Leo wala siku yoyote."

Karani alicheka kidogo. Alisema mzee masikio yamechoka. Yeye aliandika wanawake wakiwa wamesimama mbele yake, akawaona kwa macho yake mwenyewe.

"Vizuri," alisema Bwana Shauri. "Kama jina hata moja ni la uongo, kitabu hiki nakichana, na tunaanza upya kesho bila mtu kukaa kwenye kiti. Nionyeshe huyo Tusekile."

Tusekile alikuwa bado ameegemea meza ya karani, mgongo kwa kitabu.  Karani Philbert alipeleka macho juu ya ile migongo iliyobaki kwenye majani, akachagua mmoja mpana, safu ya pili, uliofunikwa kanga nyekundu, na kuunyoshea kidole bila kusita.

"Yule pale. Namkumbuka vizuri sana. Tusekile, geuka Bwana akuone."

Mgongo haukutikisika. Ikupa aliusukuma kwa kiwiko. Ndipo ukageuka, kanga ikateleza mabegani, na Eliezeri, mzee wa kanisa, mwenye ndevu za kufika kifuani na bakuli la uji mkononi, akauliza nani anamwita.