Gari la Miaka Miwili

Kaka mkubwa aliitwa Meneja tangu hajapata kazi yoyote. Utotoni ndiye aliyekuwa akipanga zamu za kuosha vyombo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujipangia hata moja. Baadaye akawa meneja kweli, wa ghala la vifaa vya ujenzi, na pale nyumbani hakuna aliyeshangaa. Mdogo wake wa kike, kitinda mimba, aliitwa Kizibo, maana baada yake chupa ilifungwa. Kizibo alikuwa fundi wa miwani. Alifanya kazi nyuma ya duka dogo karibu na hospitali, akisaga lenzi mpaka zikubali kuingia kwenye fremu, na jioni alitoka na nyusi nyeupe kwa vumbi kama ajuza.

Mama yao alikuwa mjane, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Figo zilipomgomea, ikawa mara tatu kwa wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Kule kusafishwa alikuvumilia. Kilichomshinda ni safari ya kurudi. Alitoka pale amelegea kama nguo iliyokamuliwa, na harufu ya petroli ndani ya gari la kukodi ilimchafua roho kabla hawajafika hata kona ya kwanza. Kizibo alizoea kutembea na mifuko ya plastiki na kitambaa kibichi. Madereva wengine walishawajua. Wakikiona tu kile kiti cha magurudumu, wanajitia hamnazo.

Wazo la gari la umeme lilikuwa la Kizibo. Siku moja mteja wake aliwachukua yeye na Mama katika gari la aina hiyo, na Mama alifika nyumbani akiwa bado anazungumza. Halikunuka wala kutetema. Mama alisema ni kama kubebwa mgongoni na mtu anayejua kubeba.

Meneja alikubali upesi kuliko Kizibo alivyotarajia. Ila, akasema, wasinunue. Wachukue kwa mkataba: walitumie miaka miwili, kisha walirudishe kwa kampuni na kila mtu aende zake. Magari haya, alieleza, yanabadilika kama mitindo ya nguo; betri nayo inachakaa, na anayenunua leo kesho anabaki na chuma kisicho na mnunuzi. Maneno yalikuwa na mantiki, na mkewe aliitikia kwa kichwa kila yalipofika kituo. Lakini Kizibo alikumbuka chumba cha daktari. Walikuwa wawili tu siku ile, yeye na kaka yake, daktari alipowaambia kuwa moyo wa mama yao umechoka. Mwaka mmoja, alisema, akijaliwa sana miwili. Walikubaliana wasimwambie. Sasa Kizibo alimtazama kaka yake akichora mistari kwenye karatasi, akaona tarehe ya daktari na tarehe ya mkataba zimelala kitanda kimoja. Akanyamaza. Alitaka gari lipatikane.

Wakaenda kulichagua Jumamosi, wote wanne. Duka la magari lilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba Mama aliogopa magurudumu yake yataacha alama. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu mwenye viatu laini. Aliinama akamsalimia Mama kwanza kabla ya kumsalimia mtu mwingine, na kwa hilo tu Kizibo akampenda.

Magari ya kuchagua yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la wastani, la kijivu, lisilo na urembo wa kumfanya mtu ageuke. Dada yule alifungua mlango ukaachia nafasi pana. Kiti kilikuwa usawa wa nyonga ya mtu mzima. Mama alishika mkono wa Kizibo, akageuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja kisha wa pili bila kuhema. Kiti cha magurudumu kikakunjwa kikaingia kwenye buti na nafasi ikabaki. Mama akaegemea, akafumba macho kidogo, akasema hapa mtu anaweza hata kusinzia.

La pili lilikuwa refu, jeupe, la watu saba, na mbele lilikuwa na kioo cha picha kikubwa kama televisheni ya sebuleni. Mke wa Meneja alikwisha kukaa ndani. Watoto, alisema, watapata nafasi na mabegi yao ya shule. Meneja alizunguka akigonga bodi kwa kidole. Mama alipotaka kujaribu, mguu haukufika. Alijaribu tena, goti likakataa, na ikabidi Kizibo na yule dada wamnyanyue kwapani kama furushi.

Kizibo alisema wazi kwamba lile la kijivu ndilo gari la Mama. Meneja alimjibu kwa upole, ule upole wake wa kumpaka mtu mafuta, kwamba gari ni la familia, na Mama ndiye kichwa cha familia, lakini familia ina watu wengi. Tena kwa mkataba mfupi lile refu lina nafuu, kwa sababu likirudi linagombewa. Mama atanunuliwa kigoda cha kukanyagia. Mke wake akadakia kwamba vigoda vizuri vipo, hata vya kukunja.

Yule dada, pengine akitaka kuwatoa kwenye mvutano ule, akauliza wanalihitaji kwa muda gani hasa, maana muda ungeweza kuongezwa tangu mwanzo.

"Miwili," alisema Meneja. "Zaidi ya hapo hatutakuwa na haja nalo."

Mama alikuwa bado amekaa juu mle ndani, mlango uko wazi. Alikuwa akiweka sawa ncha ya mtandio wake. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea.

"Na betri ikiwa bado nzima baada ya hiyo miwili?" akauliza.

"Hata ikiwa nzima, mama, gari linarudi," alijibu yule dada, akitabasamu. "Ndivyo mkataba ulivyo."

"Basi chukueni hilihili," alisema Mama. "Mtalitumia nyie."

Njiani Meneja alizungumza peke yake. Kizibo alikuwa nyuma na Mama, na hakuthubutu kumtazama usoni.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Meneja alimpeleka Mama mwenyewe, au alimpa Kizibo funguo siku moja kabla. Kigoda kilikaa chini ya kiti cha mbele. Mama hakutapika. Lakini mtambo wa kuchajia ulikuwa umefungwa ukutani kwa Meneja, kando ya dirisha la jikoni, na gari hulala linakokunywa umeme. Pole pole likaanza kupata shughuli. Leo watoto wana michezo, kesho mke wa Meneja ana semina upande wa pili wa mji, siku nyingine limerudi na chaji ya kufika sokoni tu. Meneja alipiga simu asubuhi Mama akiwa amekwisha kuvaa, amekaa mlangoni na mkoba mapajani. Alisema samahani, wakodi leo tu.

Leo tu ikawa karibu kila wiki. Kizibo akarudi kwenye mifuko ya plastiki. Alifungua madirisha ya magari ya watu, akamshika Mama kipaji cha uso, huku akiwaomba madereva radhi. Siku moja gari lilikuja kweli, likiendeshwa na wifi yake, na kiti cha Mama kilikuwa kimejaa viatu vya mpira vyenye matope. Kigoda hakikuwemo. Wifi alisema watoto walikitoa wapate pa kuweka mpira, akasema hivyo akiwa ameshika usukani, injini isiyo na sauti ikimngoja. Mpita njia mmoja ndiye aliyesaidia kumpandisha Mama.

Jioni ile Kizibo alikwenda kwa kaka yake akamtolea uvivu. Alimwambia gari lile lilichukuliwa kwa jina la mgonjwa na sasa linawabeba wazima. Meneja hakupandisha sauti. Alisema yeye ana kazi, ana mke, ana watoto. Kizibo hana mume wala mtoto, na duka lake liko mlangoni mwa hospitali. Mungu, alisema, humpa kila mtu mzigo kwa nafasi yake. Kizibo aliondoka bila kuaga, na tangu siku ile hakuomba funguo tena.

Mama alibaki hai. Mwaka wa kwanza ulipita, na wa pili ukaanza kuisha. Alikonda, miguu ilivimba na kupungua, mara mbili alilazwa na mara mbili akatoka akiulizia chai. Wauguzi walimwita Mwalimu, naye aliwasaidia watoto wao hesabu za mtihani akiwa amelala na mipira ya damu mkononi. Meneja alianza kupiga simu zaidi. "Mama anaendeleaje?" alimuuliza Kizibo, na akijibiwa kwamba anaendelea vizuri, palikuwa na kimya kidogo upande wa pili, kimya cha mtu anayehesabu.

Siku kampuni ilipokuja kulichukua gari, familia ilikuwa kwa Meneja kwa chakula cha mchana. Mkaguzi, kijana aliyevaa glavu, alilizunguka taratibu akipiga picha. Watoto walikuwa wamechora kwa funguo kwenye mlango wa nyuma, viti vilikuwa na madoa ya maziwa. Kwenye kizingiti cha mlango wa mbele rangi ilikuwa imekwanguka. Mkaguzi aliuliza hapo palitokea nini.

"Hapo ni kigoda cha Mama," alisema Meneja, na wala hakupunguza sauti.

Mama alikuwa kivulini, hatua chache tu kutoka pale, kwenye kiti chake. Kwa miezi mingi hakuwa amepanda lile gari zaidi ya mara za kuhesabika kwa vidole.

"Mwanangu," alisema, "nimekuharibia hesabu."

Meneja aligeuka. Akacheka kidogo, akasema Mama naye kwa utani.

"Ulinipa miwili, nami nimezidisha. Siku ile nilikuwa ndani ya gari, sikuwa kiziwi. Na kabla yako, muuguzi alikwisha kuniambia aliyoyasema daktari, maana nilimuuliza. Kufa sikukuogopa. Nilitaka kuona tu utanichagulia gari gani."

Mke wa Meneja aliingia ndani, akasingizia sufuria. Mkaguzi akajishughulisha na tairi ambalo alikwisha kulikagua. Meneja alisema hakuwa na maana ile, kwamba teknolojia inabadilika, kwamba hata wenzake kazini walichukua miwili. Mama alimwachia aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamwambia Kizibo amrudishe nyumbani. Nyuma yao lile gari jeupe lilitoka getini bila kishindo, likaenda.

Wiki iliyofuata Mama aliiacha nyumba yake akahamia kwa Kizibo. Kizibo alikuwa na chumba kimoja na ukumbi mwembamba juu ya duka la miwani, na mwenye nyumba aliwaruhusu watumie lifti ya mizigo. Kutoka pale hadi hospitali Kizibo alimsukuma kwa kiti barabarani, kwenye lami, kwa sababu njia ya waendao kwa miguu ilikuwa na mashimo. Magari yaliwapigia honi. Akirudi kazini mikono ilikuwa imechoka kwa kusukuma, na lenzi mbili tatu zilipasuka mikononi mwake mwezi ule. Hakuwa na furaha wala hakujidai. Kulikuwa na asubuhi ambazo alimchukia kaka yake kiasi cha kushindwa kumeza chai, na nyingine alimchukia Mama pia, kwa kusema siku ile ‘chukueni hilihili’ wakati angeweza kukataa.

Meneja alikuja baada ya miezi miwili. Alibeba matunda na karatasi zenye picha za magari. Alikaa kwenye ncha ya kitanda kama mgeni, akazieneza juu ya shuka. Alisema sasa kuna gari jipya, dogo, mlango wake unafunguka upana wote, kiti kinatoka nje kumfuata mtu. Hapana haja ya kigoda. Alikuwa ameulizia mkataba wa miaka mitano.

Mama alivaa miwani yake, ile aliyosagiwa na Kizibo, akazitazama picha moja moja, bila haraka. Aliliona ni gari zuri.

"Mitano ni uongo, Meneja," alisema. "Na miwili ilikuwa tusi. Zikusanye karatasi zako, unywe chai."

Hakuwahi kumwita kwa jina lile. Siku zote yeye peke yake ndiye aliyemwita mwanangu. Meneja alizikusanya. Mikono yake mikubwa ilihangaika na karatasi zile zinazoteleza, mpaka moja ikaanguka chini ya kitanda, na hakuna aliyeinama kumwokotea. Kizibo alimmiminia chai, akaiweka mbele yake, akateremka dukani. Kulikuwa na mteja anangoja miwani yake tangu asubuhi.