Binti Mmoja wa Dubale

Baridi ya Debre Birhan haina adabu. Mwaka ule iligandisha mkojo wa punda angali anakojoa, na punda maskini akabaki amesimama kama aliyeegemea fimbo mpaka jua lilipomfungua. Asiyeamini akamuulize punda. Katika baridi ya namna hiyo mfumaji wa mablanketi ya manyoya ya kondoo hawezi kufa njaa, na Dubale Ayalew alikuwa hajafa. Alikuwa na kitanda chake cha mfumi, mtambo wa kufumia, paa lisilovuja ila mvua ikinyesha, na mabinti wawili aliowalea peke yake tangu mama yao alipozikwa, mwaka wa saba sasa.

Wa kwanza, Zenebech, alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye maneno machache. Wa pili, Fikirte, alikuwa na kumi na sita. Huyu alizaliwa na macho yaliyoinuka pembeni, ulimi mzito, vidole vifupi vinene, na akili iliyoamua tangu tumboni kwamba haina haraka. Wakunga walisema hatamaliza mwaka. Alipoumaliza wakasema hatatembea. Alipotembea, tena kwenda kuwasalimia hao hao wakunga, wakaacha utabiri na kurudi kwenye kazi yao.

Kazi ya Fikirte ilikuwa kuchambua manyoya. Kondoo mmoja alimchukua siku nne, wakati dada yake angemmaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini jioni alitoka kibandani mweupe toka nyusi hadi nyayo, akilia "Mee!" na Dubale alishika kamba na kuzunguka uwanja akiuliza kwa sauti nani amefungulia kondoo. Mchezo ule ule, kila jioni, mwaka wa tisa, na kila jioni Fikirte alicheka mpaka miguu ikamwisha nguvu akakaa chini. Wapo watu wenye watoto werevu wa kuhesabu nyota ambao hawajawahi kuwachekesha hata siku moja.

Na usichana ulikuwa umeshabisha hodi. Alijipaka siagi kichwani mpaka nzi wa mtaa wakahamia kwake. Akiambiwa akaoge, alibamiza mlango, kisha akaufungua kidogo kuchungulia kama baba yake amesikia ulivyobamizwa. Alimpenda askari wa njia panda, au labda ni filimbi ya askari. Hata yeye hakuwa na hakika.

Zaidi ya yote alipenda kulisha watu. Kule Ethiopia umpendaye humlishi kwa sahani tu. Unakunja injera, mkate wao mwembamba, kwa mkono wako, unachovya kwenye mchuzi, unamtia tonge kinywani. Moja ni la ugomvi, la pili la suluhu, la tatu la mapenzi, kwa hiyo mtu hulishwa matatu. Matonge ya Fikirte yalikuwa ukubwa wa ngumi. Padri mmoja alipokea la kwanza Jumamosi mchana, na inasemekana Jumapili ibada ilichelewa kwa kuwa alikuwa bado analitafuna.

Siku ya Alhamisi alikuja Atsede, dada mkubwa wa Dubale, mwanamke aliyeweza kuingia nyumba ya mtu na kutoka na siri zake zote bila kuvua shuka.

"Jumapili wanakuja," akasema. "Wazee wa yule mwalimu anayemtaka Zenebech, Habtamu. Watatu. Fagia uwanja, panga magogo ya kukalia, na yule umfiche."

"Yule nani?"

"Usinifanye mjinga, Dubale, nimekubeba mgongoni. Wataanza na vizazi saba, waone kama hatuingiliani damu. Halafu watachimba: kuna kifafa humu? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Utawajibu nini?"

"Nitawajibu nina mtoto anayechelewa kidogo."

"Kuchelewa! Basi la Dessie ndilo linalochelewa. Huyu hajatoka hata kituoni."

Dubale alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka, na hicho ndicho kilichomuuza. Mtu akishacheka na mshauri mbaya huwa amekula chumvi yake. Alimtazama Zenebech, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu mlangoni. Zenebech hakuinua kichwa. Alimenya kingine, na kingine. Dubale akauchukua ukimya ule akautafsiri alivyotaka.

"Ni asubuhi moja tu," Atsede akasema. "Wakishakubali, wakishaoana, utamtoa umpandishe hata juu ya paa."

Jumapili Fikirte aliamka kabla ya jogoo. Alivaa gauni jeupe lenye tarizi, akaongeza siagi.

"Baba'angu, wanakuja kwa Zenebech au kwa mimi?"

"Kwa Zenebech."

"Basi mimi nitawalisha."

"Leo tunacheza mchezo mwingine," Dubale akasema, huku anatazama ukuta. "Unakaa ghalani kwenye shayiri, hutoi sauti. Ukinyamaza sana, unashinda."

Fikirte alipenda kushinda. Aliingia mwenyewe, akaketi juu ya gunia, akaweka kiganja mdomoni. Atsede akatia komeo. Kati ya ghala na sebule palikuwa na ukuta wa fito na udongo, unene wake kama mkate.

Wazee walifika jua linachomoza, wamejitanda shuka nyeupe nzito, fimbo mkononi. Mbele alikuwa Mekuria, mzee mwenye ndevu ambazo kuku wangeweza kutagia. Walisimama mlangoni kama desturi inavyotaka.

"Ketini, baba zangu," Dubale akasema.

"Hatuketi," Mekuria akajibu. "Tumekuja kuomba. Mwombaji huketi akishasikia neno."

Dubale akataja baba zake saba: Ayalew, Gebreyes, Tessema, Woldehana, Desta, Hailemeskel, Engida. Mekuria aliwakunja kwenye vidole, akataja wa upande wao, na kamba mbili zile hazikugusana popote. Atsede akashusha pumzi. Wazee wakatabasamu.

"Na nyumba hii, mwenzetu," Mekuria akauliza, kwa upole kama mtu anayeuliza njia, "ina watoto wangapi?"

Dubale alikuwa amejiandaa kwa maswali ya damu. Usiku kucha alikuwa ameyapanga majibu ya kifafa na ya ukoma. Hili hakulitegemea, na mdomo ukatangulia.

"Mmoja."

Mekuria akaegemea fimbo. "Sikusikia vizuri. Masikio yangu haya yameshastaafu, yananihudumia kwa hisani tu."

"Mmoja, mzee wangu. Zenebech tu."

"Mungu hakukuongezea mwingine?"

Mlango wa kurudi ulikuwa wazi pale, mpana wa kupitisha ng'ombe na pembe zake. Dubale aliuona. Aliona pia jicho la dada yake.

"Hakuniongezea."

Nyuma ya ukuta shayiri ilimwagika kidogo, sauti ndogo kama panya anapita, kisha kimya. Fikirte alikuwa anashinda.

Wazee watatu walitazamana. "Basi tumesikia," Mekuria akasema.

"Na jibu ni ndiyo!" Atsede akarukia. "Amekubali! Ketini sasa, kahawa iko motoni!"

"Neno limebaki kwetu," Mekuria akasema, na wakageuka. Tangu watu waanze kuoana katika nyanda zile, mwenye binti ndiye huwasimamisha wazee mpaka magoti yawatetemeke. Hakuna aliyewahi kusikia mwenye binti amekubali na wazee wakakataa kukaa.

Dubale alifungua komeo. Fikirte alikuwa bado ameketi kwenye gunia, shayiri kwenye nywele. Alimtazama baba yake kwa muda. Kisha akasimama, akanyoosha gauni, akainama kidogo, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kama anavyofanyiwa mgeni.

"Umeamkaje, mzee?"

Dubale akacheka. "Mzee tena! Umeshinda, mama. Toka."

"Asante, mzee."

Jioni ile alichambua manyoya, akatoka mweupe, akajikung'uta mlangoni taratibu mpaka unyoya wa mwisho. Dubale alishika kamba. "Nani amefungulia kondoo?"

"Hakuna kondoo, mzee," Fikirte akasema. "Ni manyoya." Akampita.

Hakuwa amekasirika. Hasira Dubale angeiweza. Hasira ya Fikirte ilikuwa na mlango wa kubamiza. Hii ilikuwa adabu. Mezani alimtengea chakula yeye kwanza na kumlisha matonge matatu, makubwa kuliko kawaida, yale ya wapita njia. Alimuuliza kama yametosha. Kwa Zenebech alibaki Fikirte yule yule, wa kunyang'anyana kioo na kulia bila sababu. Kwa dada yake alikuwa bado na ndugu. Ni mzee yule tu aliyekuwa anapita.

"Anatania," Atsede akasema. "Mpe peremende."

Dubale akampa. Alizipokea kwa mikono miwili.

Jumatano Dubale alikuwa kwenye soko la manyoya anapima robota, fimbo ikamgusa bega. Alikuwa Mekuria, safari hii peke yake.

"Nimekuja kukupa neno letu hapa sokoni, nisikuaibishe kwako. Haitawezekana."

"Ni kwa sababu gani, mzee wangu?"

"Wewe unadhani sisi huomba binti bila kuchunguza? Mke wangu amekunywa kahawa kwako mara tatu mwezi uliopita, akijifanya anataka blanketi. Blanketi lenyewe hakununua, sivyo?"

Dubale akamkumbuka mama mmoja mnene, mwenye maswali mengi.

"Binti yako mdogo alimlisha mpaka akalegeza mkanda. Alirudi nyumbani akaniambia: Mekuria, nyumba ile nzuri, nimeona jinsi yule baba anavyozunguka uwanja na kamba kama mwendawazimu, mtoto anacheka. Akasema, mtu anayemtunza huyu hivi, huyo mwingine atakuwa amelelewa. Ndiyo maana tulikuja. Tulikuja kwa sababu ya yule uliyemfungia."

Dubale akaishika mizani.

"Nilikuuliza mara tatu," Mekuria akasema. "Umri wangu huu, najifanya kiziwi ili upate nafasi. Sasa mtu anayemkana mtoto aliye nyuma ya ukuta, wale baba saba alionihesabia nitawaamini vipi? Nitajuaje hukumruka mmoja?" Akajifunika shuka vizuri. "Baridi leo," akasema, akaenda zake.

Dubale aliacha robota kwenye mizani. Nyumbani alimkuta Zenebech anasuka nywele za mdogo wake. Alimweleza yote kwa mafungu, kama mtu anayetema mawe. Zenebech aliendelea kusuka.

"Habtamu alimjua huyu," akasema mwisho. "Alikuwa akimletea chaki za rangi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

"Ulikuwepo! Ulikuwa unamenya vitunguu!"

"Nilikuwa nangoja nione utasema nini." Mikono yake ilisimama kwenye nywele. "Na ukitaka ukweli wote, sehemu yangu moja ilitaka ukubali kumficha. Nilitaka siku moja tu, niwe mimi peke yangu. Hiyo nitakaa nayo. Wewe kaa na yako."

Dubale alipiga magoti mbele ya Fikirte.

"Mama. Mimi nina watoto wawili. Zenebech na wewe."

Fikirte alimhurumia. Ilionekana usoni, huruma ile anayopewa mzee aliyesahau nyumba yake. "Mmoja, mzee," akamsahihisha. "Ulisema mara tatu. Mimi nilikuwa kimya, nilisikia vizuri."

"Nilidanganya."

"Wazee hawadanganyi," akasema. Hilo alikuwa amefundishwa na Dubale mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani na kukaa kwa mkate na pombe ya shayiri, Dubale alisimama akatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba ana mabinti wawili na wa pili anaitwa Fikirte.

"Kaka Dubale," mmoja akapaza sauti, "na mimi natangaza nina pua!" Wakaangua kicheko. Nani asiyejua? Mtaa mzima ulijua tangu siku alipozaliwa. Fikirte alicheka nao, kwa sababu wengine walicheka. Kisha akamletea yule mzee aliyesimama peke yake kipande cha mkate.

Siku zikaenda. Habtamu alihamishiwa shule nyingine, au aliomba kuhamishwa. Atsede hakukanyaga tena pale; alipata nyumba nyingine ya kushauri. Dubale alifuma. Mchana aliweza kujidanganya, maana kelele za kitanda cha mfumi ni nyingi. Jioni ilipofika, hakujua akae wapi katika uwanja wake mwenyewe.

Jioni moja alirudi kutoka kupeleka mablanketi, matope hadi magotini. Fikirte alimwona mlangoni, akakimbilia ndani. Moyo wa Dubale ukaruka kama mbuzi. Fikirte alirudi na beseni la maji ya vuguvugu, akamkalisha kwenye gogo, akamvua viatu, akaanza kumwosha miguu, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa msafiri. Hakuna aliyewahi kumwosha hivyo tangu mkewe. Vidole vile vinene vilipita katikati ya vyake bila haraka yoyote, na Dubale aliona aibu jinsi alivyofurahi.

"Umetoka mbali, mzee?"

"Mbali."

"Wana wako watakutafuta?"

Dubale alitazama maji yaliyochafuka ndani ya beseni.

"Utalala hapa?"

"Ukinikubalia."

Fikirte alifikiri. "Ngoja nimuulize Zenebech. Hii nyumba ni yetu sisi wawili."

Akaingia ndani, akaurudisha mlango nyuma yake polepole. Dubale alibaki kwenye gogo, miguu mitupu, maji yakianza kupoa. Alisikia sauti ya Fikirte ikieleza kirefu, kisha ya Zenebech, chini mno.

Mlango ukafunguka.

"Amesema ulale," Fikirte akasema. "Kesho uende."

Dubale hakuuliza neno lipi lilikuwa la Zenebech na lipi la Fikirte. Alichukua taulo aliyopewa, kwa mikono miwili, akashukuru.